Stroberi hapa Mwanza: kuchagua, kutunza na kula kabla hazijaharibika

Mwanza tuna sato, sangara na embe za kutosha, lakini stroberi nyingi tunazoziona sokoni hazikulimwa ufukweni kwetu. Mmea wake unapenda ubaridi, ndiyo maana hustawi nyanda za juu, kama miteremko ya Mlima Meru kule Arusha au milima ya Usambara upande wa Lushoto. Kutoka huko mpaka hapa ni safari ya kutwa nzima au zaidi, na tunda lenyewe ni laini, halina ganda, na takribani asilimia 91 ya uzito wake ni maji. Likifika mkononi mwako limeshatumia sehemu kubwa ya siku zake.

Mimi nauza matunda na juisi hapa mjini, na wateja wengi huniambia wameikatia tamaa stroberi kwa sababu wakinunua leo, kesho wanatupa nusu. Haipaswi kuwa hivyo. Ukiwahi kuinunua, ukawahi kuipoza na ukawahi kuila, utakula stroberi tamu hapa hapa Mwanza.

Hatua ya 1: Jua kwamba haiivi tena

Embe, ndizi, papai na parachichi ukizinunua zikiwa bado ngumu, unazifunika, siku chache zinaiva. Stroberi haina tabia hiyo. Ikishachumwa, utamu wake haupandi tena. Iliyochumwa ikiwa na mabega meupe inaweza kuongeza wekundu kidogo ikiwa njiani, na hapo ndipo watu wanapodanganyika: rangi imekuja, utamu haukuja. Muuzaji akikwambia "iache mezani mpaka kesho itaiva", mshukuru, ondoka. Kwa joto letu, mezani itanywea na kuota ukungu.

Hatua ya 2: Uliza kabla ya kushika

Salamu kwanza, kisha maswali. "Kaka, mzigo huu umeshuka lini? Umechumwa siku gani?" Muuzaji anayeijua biashara yake atakujibu bila kusita, kwa sababu naye anahesabu siku hizo hizo. Akisema umeshuka stendi asubuhi hii, endelea. Akisema "juzi" na vikasha viko juani, wala usijisumbue kuvifungua.

Kama unanunua mara kwa mara, chukua namba yake ya simu na mwombe akujulishe siku za mzigo. Hilo pekee litakusaidia kuliko ujuzi wote wa kuchagua. Na nenda asubuhi. Tunda lililokaa kwenye meza ya soko mpaka saa tisa alasiri, hata kama lilifika likiwa zuri, limeshapikwa na hewa.

Hatua ya 3: Chagua kwa macho na pua

Anza na chini ya kikasha. Watu wengi hutazama juu, palipopangwa vizuri, lakini taarifa ya kweli iko chini. Kinyanyue, kiinamishe kidogo. Ukiona maji mekundu yamejikusanya au karatasi imelowa, kuna matunda yaliyobondeka ndani, na juisi yao inalisha ukungu. Weka chini, chukua kingine. Kama matunda yamerundikwa tabaka nyingi, tegemea ya chini kuwa yamebanwa na ya juu. Vikasha vifupi vyenye tabaka moja au mbili huvumilia safari vizuri zaidi.

Kisha tazama mabega, pale karibu na kikonyo. Wekundu uwe umefika mpaka juu. Ncha nyekundu yenye mabega meupe au ya kijani ni tunda lililochumwa mapema ili livumilie safari, na utalitia sukari mpaka uchoke. Majani ya kikonyo yawe ya kijani, yasiwe yamekauka wala kugeuka kahawia, kwa maana majani hunyauka kabla ya tunda kuonyesha uchovu wake. Ngozi ing'ae. Ikififia, tunda limeanza kupoteza maji.

Pua ndiyo ninayoiamini kuliko yote. Kisogeze kikasha usoni. Stroberi iliyoiva inanukia yenyewe bila kulazimishwa. Isiponukia, itakuwa na maji bila ladha. Ikinukia kama pombe au siki, imeanza kuchacha.

Ukubwa usikushughulishe. Tunda kubwa linapendeza kwenye picha, ila madogo yaliyoiva vizuri mara nyingi yana ladha zaidi.

Hatua ya 4: Lifike nyumbani likiwa baridi

Hapa ndipo stroberi nyingi za Mwanza zinapoharibikia, na wala si kosa la mkulima. Wanaozalisha kwa biashara hushauriwa kuanza kuzipoza ndani ya saa moja tangu kuchumwa, kwa sababu kila saa ya joto inakata siku za mbele. Wewe huwezi kurekebisha kilichotokea njiani, lakini safari ya kutoka sokoni mpaka Igoma au Buhongwa iko mikononi mwako.

Beba deli dogo, au hata boksi la foamu. Gandisha chupa moja ya maji tangu usiku, izungushie gazeti au kitambaa, iweke chini, kisha vikasha juu yake. Barafu isigusane na tunda, wala maji ya barafu yasilifikie. Tunda likilowa litaoza, likigandia kwenye barafu litalegea. Tafadhali usitumie boksi lililobebea samaki kutoka Mwaloni, hata kama limeoshwa kwa sabuni. Stroberi hunyonya harufu haraka, na ukishaionja yenye harufu ya dagaa hutaisahau.

Ukipanda bodaboda, pakata kikasha mapajani au kishike mkononi. Kuning'iniza mfuko kwenye usukani ni kuyabonda. Mambo mengine ya sokoni yamalize kwanza, stroberi iwe ya mwisho kununuliwa.

Hatua ya 5: Chambua siku hiyo hiyo, usioshe

Ukifika tu, kabla hujavua viatu vizuri, mwaga matunda taratibu kwenye sinia pana. Yagawe mafungu matatu: imara kabisa, yaliyoiva sana au yenye mchubuko mdogo, na yenye ukungu. Hayo ya mwisho tupa, usikate upande mbovu ukala uliobaki. Kwenye tunda laini kama hili, ukungu unakuwa umeshapenya kuliko unavyoonekana. Mara nyingi ni ule wa kijivu, unaoitwa kitaalamu Botrytis cinerea, na huhama kutoka tunda hadi tunda linaloligusa. Unaendelea kukua hata ndani ya friji, ila polepole. Kwa hiyo tunda moja bovu lililosahauliwa katikati linatosha kukuharibia kikasha kizima.

Usioshe sasa. Nasisitiza, kwa sababu kila mama mwenye jiko safi mkono unamwasha kuosha. Maji yanayobaki kwenye ngozi na chini ya majani ndiyo ukungu unayoyataka. Vikonyo pia viache. Ukiving'oa unafungua kidonda kwenye tunda.

Chukua bakuli pana la plastiki, tandika tishu za jikoni au kitambaa safi kikavu, panga matunda imara kwa tabaka moja, mawili kwa shida, kikonyo kikiangalia chini. Funika bila kubana ili hewa ipite kidogo. Weka kwenye friji mahali penye baridi zaidi pasipogandisha, mbali na vitunguu, samaki na viungo vya pilau. Stroberi hupenda nyuzi 0 hadi 1, na kwa hali hiyo iliyochumwa vizuri hukaa siku 5 hadi 7. Friji zetu za nyumbani huwa na nyuzi 4 au zaidi na mzigo umeshasafiri, kwa hiyo panga kuzila ndani ya siku 2 au 3. Kila siku zitazame, ondoa iliyolegea, badilisha tishu ikilowa.

Umeme ukikatika, acha mlango wa friji umefungwa. Friji iliyofungwa hushikilia ubaridi kwa takribani saa 4. Chupa mbili za maji yaliyogandishwa, ukizihamishia pembeni mwa bakuli, zitakuongezea muda.

Hatua ya 6: Osha pale unapotaka kula

Osha kiasi cha kula tu, vikonyo vikiwa bado vipo ili maji yasiingie ndani. Tumia maji safi yanayotiririka au mimina kwa kikombe, geuza taratibu, weka kwenye chujio. Tunda hili halimenywi wala halipikwi, hivyo maji uliyooshea unayala. Usilioshe kwa maji yaliyotekwa moja kwa moja ziwani. Kama una wasiwasi na ya bombani, tumia yaliyochemshwa yakapoa. Hatari ya kipindupindu si ya kuibahatisha, hasa kwenye nyumba yenye watoto.

Kausha kwa kugusagusa na kitambaa, kisha ng'oa kikonyo kwa ncha ya kisu.

Hatua ya 7: Ile vizuri

Toa kwenye friji nusu saa kabla. Ubaridi mkali unaficha harufu, na harufu ndiyo nusu ya ladha yake. Ya kwanza ile tupu, usitie kitu, uijue.

Ikiwa chachu kidogo, katakata nusu kilo, nyunyizia vijiko viwili vya sukari na matone ya ndimu, acha dakika 20 hadi 30. Sukari huvuta maji ya tunda, na utapata rojo jekundu lisilohitaji kitu kingine. Mimina juu ya maziwa mgando. Usukumani maziwa hatukosi, na mgando mzito wenye uchachu wake pamoja na rojo hilo ni kitu ninachowapa wageni wangu kwa fahari kabisa. Wateja wangu wengine hupenda vipande vyake vichanganywe na embe au machungwa ya Ukerewe. Mimi naona chungwa linaifunika stroberi, embe kidogo inaivumilia.

Kwa juisi, usiisage kwa muda mrefu. Zile mbegu za nje zikisagika sana huleta ukakasi. Sekunde chache zinatosha, maji yawe machache.

Hatua ya 8: Fungu la pili usilitupe

Matunda yaliyoiva sana yasioze kwenye bakuli, yagandishe siku ya kwanza. Osha, kausha kabisa, toa vikonyo, yatandaze kwenye sinia yasigusane, weka kwenye friza mpaka yawe magumu, ndipo uyatie kwenye mfuko na kuutoa hewa. Ukiyatia mfukoni kabla hayajaganda utapata jiwe moja lisilogawanyika. Yakiyeyuka yanalegea, kwa hiyo ni ya juisi na jemu.

Jemu yenyewe ni rahisi: kilo moja ya tunda, sukari robo tatu ya kilo, maji ya ndimu mbili. Ndimu ni ya lazima, kwa kuwa stroberi ina pektini kidogo, yaani kile kinachoifanya jemu igande, na uchachu huisaidia jemu kushika. Tumia sufuria pana, chemsha kwa moto mkali huku ukikoroga, toa povu. Dondosha kidogo kwenye kisahani kilichokaa friza, kisha sukuma kwa kidole: ikijikunja, epua. Mimina ikiwa ya moto kwenye chupa zilizochemshwa dakika 10, funga. Ikipoa iweke kwenye friji, na kila unapochota tumia kijiko kikavu.