Kompyuta uliyoiunga mwenyewe inaanguka na skrini ya buluu? Anza na daftari, usianze na pochi

Kijana mmoja jirani yetu hapa Jang'ombe anahariri video za harusi. Kompyuta yake kaiunga mwenyewe kipande kwa kipande: mazabodi (bodi kuu) na prosesa vya mtumba, ramu (kumbukumbu ya muda ya mashine) moja kainunua Darajani, ya pili imeletwa na boti kutoka Dar. Ilipoanza kuanguka na skrini ya buluu katikati ya kazi, alipiga Windows upya mara tatu. Ikaendelea. Akanunua kadi ya picha nyingine. Siku aliyonijia barazani alikuwa ameshamaliza malipo ya harusi mbili, na usiku wa jana yake mashine ilianguka tena. "Ami," akaniuliza, "sasa nibadilishe nini?"

Nilimwambia asibadilishe kitu. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, na watu wengi huumia kwa kununua kwa kukisia. Njia ninayoieleza hapa ndiyo tuliyoifuata kwa mashine yake, na ina sharti moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha ngoja uone.

Hatua ya 1: Izuie isijiwashe upya

Windows ikianguka huandika jina la kosa, kisha hujiwasha upya kabla hujalisoma. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kisha bonyeza Settings ya chini kabisa, iliyo chini ya Startup and Recovery. Ondoa tiki kwenye Automatically restart, na chini yake chagua Small memory dump, ili kila ikianguka iache faili dogo tutakalolisoma baadaye. Sasa skrini itakungoja, uipige picha kwa simu.

Unachokitafuta ni maneno yanayofuata Stop code. Ule mchoro wa kuskani kwa simu hukupeleka kwenye ukurasa wa maelezo ya jumla tu. Na kama unatumia Windows 11 toleo la 24H2 lililosasishwa, usishangae kuona skrini nyeusi badala ya buluu, maana Microsoft waliibadilisha rangi mwaka 2025. Kosa ni lile lile na linasomwa vile vile.

Hatua ya 2: Fungua daftari

Chukua daftari la kawaida la skuli. Kila mashine inapoanguka andika tarehe, saa, ulikuwa ukifanya nini, jina la kosa, na umeme ulikuwaje: taa zilififia, friji ilikuwa inawaka, mtu alikuwa anapiga pasi? Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu huidharau, na kwa kijana wetu ndiyo iliyotupa nusu ya jibu.

Andika kwa siku 4 au 5 bila kugusa kitu. Najua ni vigumu ukiwa na kazi za watu mkononi, lakini bila hizo siku utakuwa unapapasa gizani.

Hatua ya 3: Sikiliza mashahidi

Bonyeza Windows na R, andika perfmon /rel. Utaona kalenda yenye alama nyekundu kila siku mashine ilipoanguka. Ukitaka undani zaidi, pakua WinDbg bure kutoka Microsoft Store, fungua mafaili yaliyomo C:\Windows\Minidump, kisha andika amri !analyze -v. Shuka chini mpaka kwenye IMAGE_NAME, hapo utaona faili lililokuwa likifanya kazi wakati wa kuanguka.

Angalia usimshike asiye mwizi. Ukikuta ntoskrnl.exe, hiyo ni roho yenyewe ya Windows. Mara nyingi imetajwa kwa sababu ilikuwepo msibani, siyo kwamba ndiyo iliyoua.

Sasa weka majina ya makosa pamoja uyatazame. Kama kila mara ni kosa lile lile na faili lile lile, tuseme VIDEO_TDR_FAILURE na nvlddmkm.sys, mshukiwa wa kwanza ni draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, hapo ya kadi ya picha ya NVIDIA. Lakini kama leo ni MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, acha kupiga Windows. Shuku vifaa, kwanza ramu, kisha umeme. Ramu inayokosea huharibu chochote kilichowekwa hapo kwa wakati huo. Leo ni kipande cha draiva, kesho ni kipande cha video, na ndiyo maana kila siku kosa huja na jina jipya. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR nayo ni kifaa chenyewe kinapiga kelele, hasa prosesa, na huletwa na joto, umeme mbaya, au kasi iliyopandishwa kupita kiasi.

Jambo moja kwetu visiwani ni muhimu sana. Kwenye Event Viewer, yaani orodha ya matukio ya Windows, utakuta Kernel-Power yenye nambari 41. Hiyo inasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Ifungue, sehemu ya Details, utazame BugcheckCode. Ikiwa ni 0, basi kwa kawaida hapakuwa na skrini ya buluu: umeme ulikatika au pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha mashine umeme, ilizima. Usiichanganye na makosa mengine daftarini, la sivyo utatafuta ugonjwa ambao haupo.

Daftari la kijana lilikuwa na makosa 7 yenye majina 4 tofauti, na 5 kati ya hayo yalitokea kati ya Magharibi na saa 4 usiku.

Hatua ya 4: Fungua kasha

Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Nyumba zetu hazipo mbali na bahari, na vumbi likichanganyika na unyevu wa chumvi hutengeneza utando juu ya miguu ya ramu na kadi. Toa ramu, futa miguu yake kwa kitambaa laini na spiriti safi, iache ikauke kabisa, kisha irudishe mpaka isikike ikibana.

Kama mazabodi ina nafasi 4 na wewe una ramu 2, mara nyingi zinatakiwa nafasi ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kijana alizipanga ya 1 na ya 2. Tulizihamisha, tukaandika, tukangoja siku mbili. Ikaanguka tena.

Hatua ya 5: Ramu

Hapa usiwe na haraka. Ile programu ya Windows ya kupima ramu haitoshi. Pakua Memtest86+, ni ya bure, iweke kwenye fleshi, washa mashine kutoka kwenye fleshi hiyo na uiache usiku kucha, angalau mizunguko 4. Kabla ya kulala hakikisha Tukuza, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ina uniti za kutosha, maana kipimo kikikatika saa 9 usiku unaanza upya. Kosa likitokea hata moja tu, kipimo kimefeli. Katika ramu hakuna kosa dogo.

Fuata mpangilio huu. Pima kwanza mashine ilivyo. Ikitoa makosa, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) uzime XMP, yaani ile kasi ya juu iliyoandikwa kwenye pakiti ya ramu, upime tena. Yakiendelea, pima ramu moja moja katika nafasi ile ile. Ukishaipata iliyo nzima, ijaribu nafasi nyingine, kwa sababu pengine mbovu ni nafasi, ramu haina kosa.

Kwetu, XMP ikiwa imewashwa, mistari myekundu ilianza ndani ya dakika chache. Tulipoizima ramu zikashuka mpaka kasi ya 2133, na usiku mzima ukapita bila kosa. Kwa hiyo hakukuwa na ramu mbovu. Zilikuwa mbili za ukoo tofauti zilizolazimishwa kukimbia pamoja. Ramu ya aina ya DDR4 yenye XMP ya 3200 mara nyingi hutaka volti 1.35, ilhali kiwango cha kawaida ni 1.2, na mbili zisizofanana huenda zisikubaliane. Ukinunua, nunua jozi iliyotoka katika pakiti moja.

Makosa yakapungua sana. Lakini mawili yakabaki, yote baada ya Magharibi.

Hatua ya 6: Umeme

Utahitaji multimita. Kama hujazoea kupima umeme wa ukutani, mwite fundi umeme, hapa si pa kujifunzia. Na pawa saplai usiifungue kamwe, inabaki na chaji hata ikiwa imechomolewa.

Tulipima ukutani tukapata volti 229. Tukapima mwisho wa ekstensheni inayolisha kompyuta, friji na pasi kwa pamoja: 197. Kisha, mashine ikiwa inatoa video, tukapima waya wa njano na mweusi kwenye plagi ya ziada ya pawa saplai. Inatakiwa volti 12, na inaruhusiwa kushuka mpaka 11.4. Yake ilikuwa 11.2.

Saplai yenyewe ni zile za bei rahisi zenye swichi nyekundu ya 115 na 230. Kwetu swichi hiyo ikae 230 siku zote, ukiiweka 115 utaiunguza papo hapo. Umeme ukishuka, aina hiyo huyumba haraka. Ile yenye PFC hai (saketi inayorekebisha umeme unaoingia), iliyoandikwa 100–240, hustahimili vizuri zaidi.

Kwanza tuliihamishia kompyuta kwenye soketi yake peke yake. Wiki nzima ilianguka mara moja tu, lakini volti ilikuwa bado 11.3. Ndipo akanunua saplai nyingine. Tungeyafanya yote mawili siku moja, tusingejua lipi lilisaidia.

Hatua ya 7: Yaliyobaki

Joto lipime kwa HWiNFO mashine ikiwa kazini, hasa msimu wa kaskazi. Prosesa ikikaribia nyuzi 95, safisha feni na ubadilishe pesti ya joto. Joto hasa hupunguza kasi au huzima mashine ghafla, kwa hiyo kwa skrini ya buluu mimi siliweki mbele. Diski itazame kwa CrystalDiskInfo. Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, na baada yake sfc /scannow. Draiva zichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Kusasisha BIOS kunasaidia mara nyingine, lakini usithubutu bila UPS (betri ya akiba), maana umeme ukikatika katikati mazabodi inaweza isiwake tena.

Ukishatengeneza, ngoja. Mashine iliyokuwa ikianguka kila siku mbili, siku tatu za utulivu hazijathibitisha kitu. Mimi husubiri wiki mbili.

Zilipopita, kijana akaniuliza kama sasa anaweza kuirudisha XMP, huenda kosa lote lilikuwa la saplai. Lilikuwa swali zuri, nikamwambia apime. Akaiwasha, akaweka fleshi, akaandika saa daftarini. Dakika ya 9 mstari mwekundu wa kwanza ukatokea. Akaizima, akaandika "wakosaji ni wawili", akarudi kwenye harusi yake.