Kabla Hujalipia Mashua ya Nile, Uliza: Inapanda au Inashuka?

Mama yangu ana miaka 74 na magoti yake hayapatani na ngazi. Alizaliwa Bombo, hapa Uganda, akaolewa Bombo, na mto mkubwa aliokuwa ameuona ni Kafu, tena kwa dirisha la basi. Mwaka juzi, baada ya Idi, sisi wanawe tulichanga tukampeleka hifadhi ya Maporomoko ya Murchison akaione Nile. Safari ya kwanza tuliikosea. Tulipomrudisha mwaka jana tukaipatia.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Pale Paraa, kwenye gati la ndani ya hifadhi, kuna safari mbili za mashua, na zote watu huziita "mashua ya Nile". Moja hupanda mto kuelekea maporomoko, na kwenda na kurudi huchukua muda wa saa tatu hivi. Nyingine hushuka hadi mto unapoingia Ziwa Albert. Huko kwenye mafunjo ndiko watu humtafuta shoebill, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mbao, na safari ni ndefu zaidi. Wakala wetu hakutueleza, nasi hatukuuliza. Tukashuka. Kwa mpenda ndege ile ni siku ya neema. Kwa mzee na watoto wanne waliokuja kuona maji yakianguka, ni jua na mafunjo tu. Kwa hiyo uliza kabla pesa haijatoka mkononi: inapanda au inashuka? Inarudi saa ngapi? Ina paa? Ina choo? Ukiwa na mzee, usione haya kuuliza la choo.

Mashua inayopanda inaelekea mashariki, kwa hiyo kushoto kwako ni ukingo wa kaskazini, na wanyama wengi wako upande huo. Wahi gatini, mkalishe mzee kushoto. Viboko utachoka kuwahesabu. Mamba hulala mchangani midomo wazi. Tembo na nyati hushuka kunywa. Saa za mchana joto huwasukuma wanyama majini, na wengi husifu safari ya mchana kwa sababu hiyo. Sisi tulichagua ya asubuhi, maana Mama joto linampandisha presha, na wala hatukukosa tembo.

Jambo moja mwambie mgeni wako mapema: mashua haifiki chini ya maporomoko. Mkondo ni mkali, povu linatapakaa mtoni, na nahodha husimama mbali kidogo. Nile yote inajibana kwenye mwanya wa mita 7 hivi wa mwamba, kisha inaanguka kama mita 43. Wenye miguu mizima wanaweza kupanga mapema washukie hapo, wapande mlima na askari wa hifadhi, gari liwapokee juu. Mama tulirudi naye kwa mashua, kisha tukampeleka juu kwa gari. Manyunyu yalimlowesha mtandio wote. Alisema Subhanallah mara tatu, akakataa kuondoka.

Kutoka Kampala ni kama kilomita 300, kwa hiyo lala Masindi au karibu na hifadhi, usijaribu kwenda na kurudi siku moja. Chagua Desemba hadi Februari, au Juni hadi Agosti, mvua zikiwa chache. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko wageni wa nje. Kiingilio cha hifadhi na nauli ya mashua ni vitu viwili. Mwambie wakala akuandikie kila kimoja peke yake. Chakula kifunge vizuri: nyani wa Paraa walitupokonya mikate yote ya gurusa ya dada yangu kabla hatujapanda.

Ukiwa na siku moja tu, nenda Jinja, Nile inapotoka Ziwa Victoria. Asubuhi unatoka Kampala, jioni uko nyumbani. Ukiwa na siku tatu, fikiria Mfereji wa Kazinga, magharibi mwa Uganda, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Maji yametulia, safari ni ya saa mbili hivi, na wanyama wako karibu sana. Kwa mzee anayeogopa mawimbi ningeanzia huko.

Anayetamani kulala ndani ya meli usiku kadhaa, huku kwetu mto haumruhusu, umekatwakatwa na maporomoko na mabwawa. Hiyo ni ya Misri, kati ya Luxor na Aswan.

Na mashua yoyote utakayopanda, mvalishe mzee jaketi la kuokoa maisha wewe mwenyewe, umfunge mikanda kabla injini haijawashwa. Mama alisema linambana. Nilimlegezea kidogo, sikumvua.