Faili Moja, Jibu Moja: Kuandaa Utaratibu wa Kukagua Wateja na Kudhibiti Hatari

Kabla sijaandika utaratibu wowote mpya, kuna jaribio dogo ninalolifanya. Nachukua faili la mteja mmoja, naondoa uamuzi uliotolewa, kisha nawapa wakaguzi watano, kila mtu na nakala yake, wasiulizane. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, watatu walisema mteja ana hatari ya kati, mmoja akasema ndogo, na wa tano akasema kubwa, tena akaunti isifunguliwe kabisa. Wote walikuwa na mwongozo uleule mezani, na hakuna aliyekuwa mzembe. Mwongozo ulisema "fanya uchunguzi unaofaa", na kila mtu akafanya unaomfaa yeye.

Kwa hiyo nikisema utaratibu wa pamoja sisemi fomu ndefu zaidi. Nataka faili lilelile, likimfikia mkaguzi yeyote, Jumatatu asubuhi au Ijumaa watu wanapofunga kompyuta, litoke na jibu lilelile na sababu zilezile. Njia ninayoifuata ni hii, iwe taasisi ni benki, kampuni ya kutuma fedha au ya malipo ya mtandaoni. Sheria ya nchi yako ndiyo ya kwanza; mimi naegemea pia kwenye mapendekezo 40 ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha kilichoundwa na mataifa ya G7 mwaka 1989, kwa kuwa sheria za kuzuia utakatishaji fedha za nchi nyingi zimejengwa juu yake.

Hatua ya 1: Andika hatari zako kwa sentensi nzima

Pendekezo la kwanza la FATF linataka taasisi izijue hatari zake kwanza, ndipo ipange nguvu zake mahali zinapohitajika. Wengi hulitimiza kwa jedwali: "Nchi: kubwa. Bidhaa: kati. Mteja: ndogo." Jedwali hilo halimwambii mkaguzi afanye nini.

Andika nani anaweza kufanya nini, kupitia bidhaa gani. Kwa mfano: "Mtu anaweza kufungua akaunti akiwa mbali kwa kitambulisho cha mwingine, akapitisha fedha za wizi kwa siku chache, kisha akaitelekeza." Au: "Kampuni inaweza kuweka wanahisa wa jina tu, ilhali anayeamua kila kitu ni mtu aliyewekewa vikwazo." Sentensi 10 hadi 20 zinatosha kuanzia. Usizitunge ukiwa peke yako ofisini. Kaa na watu wa kaunta, wa huduma kwa wateja na wanaoshughulikia miamala iliyokwama. Hao ndio wanaoyaona mambo yakitokea.

Hatua ya 2: Kila hatari ipewe dawa yake

Kando ya kila sentensi andika hatua ya kuipunguza, na ndani ya hatua hiyo waonekane watu watatu: anayeifanya, anayeithibitisha, na atakayesoma ushahidi wake miaka mitatu baadaye. Kwa hatari ile ya kitambulisho cha mtu mwingine, dawa inaweza kuwa picha ya uso inayopigwa papo hapo na kulinganishwa na hati, kikomo cha miamala kwa siku 30 za mwanzo, na tahadhari kwenye mfumo fedha zikiingia na kutoka zote ndani ya siku moja.

Hatari isiyo na dawa iandikwe hivyohivyo, na mkurugenzi aweke saini kwamba ameikubali. Utashangaa jinsi saini hiyo inavyoharakisha bajeti.

Hapa niseme neno kuhusu mkato unaopendwa sana: kukataa kundi zima la wateja, kama mashirika ya hisani au kampuni za kutuma fedha, kwa sababu "ni hatari". FATF yenyewe imesema mara kadhaa kwamba huko si kudhibiti hatari. Mteja uliyemfukuza anaendelea kutuma fedha, ila sasa anazituma pasipo na macho ya mtu.

Hatua ya 3: Panga alama, lakini usiziamini sana

Ngazi tatu zinatosha: ndogo, kati, kubwa. Nimewahi kukuta taasisi yenye ngazi saba, na hakuna mfanyakazi aliyeweza kunieleza tofauti ya ya nne na ya tano. Ngazi ibadilishe kazi ya mtu. Kama mteja wa kati anaulizwa maswali yaleyale na anapitiwa kwa muda uleule na mteja wa hatari ndogo, futa mojawapo.

Mtego mkubwa uko kwenye wastani. Chukua vigezo vitano, kila kimoja kinapewa alama 1 hadi 5. Mteja ni waziri wa nchi nyingine: nchi 1, bidhaa 1, njia ya kufungulia akaunti 1, kiasi cha fedha 1, wadhifa 5. Jumla 9, wastani 1.8. Mfumo unasema hatari ndogo, na waziri anapita mlango wa watu wa kawaida.

Kwa sababu hiyo weka masharti yanayopita alama zote. Pendekezo la 12 la FATF liko wazi: mtu mwenye wadhifa wa kisiasa katika nchi ya kigeni, yaani PEP kama tunavyowaita kazini, anahitaji idhini ya uongozi wa juu, uchunguzi wa chanzo cha utajiri wake na cha fedha anazoleta, na ufuatiliaji wa karibu zaidi. Familia yake na washirika wake wa karibu wanaingia humo pia. Mwenye wadhifa wa ndani ya nchi hupimwa kwanza. Hatari ikiwa kubwa, masharti ni hayohayo. Andika sharti kwa maneno yasiyojadilika: "Akiwa PEP wa kigeni, hatari ni kubwa, hata alama ziseme nini."

Kwa upande wa nchi, FATF husasisha mara tatu kwa mwaka orodha zake mbili za nchi zenye kasoro katika kuzuia utakatishaji fedha: nyeusi, ya zenye kasoro kubwa, na ya kijivu, ya zinazofuatiliwa zikirekebisha kasoro zao. Usizichanganye. Kwa nchi za orodha nyeusi inataka uchunguzi wa kina, na kwa baadhi hatua kali zaidi. Kwa zile za orodha ya kijivu haidai uchunguzi wa kina kwa kila mteja atokaye huko. Inataka uzizingatie unapopima hatari.

Hatua ya 4: Kumtambua mteja na kumthibitisha

Kutambua ni kuuliza mtu ni nani. Kuthibitisha ni kulipima jibu lake kwa chanzo kisichomtegemea yeye. Fomu nyingi zina kisanduku kimoja kwa yote mawili; vitenganishe, na cha pili kitaje chanzo kilichotumika.

Jambo moja dogo ambalo kila mkaguzi wangu analijua kwa kichwa. Chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti kuna mistari miwili ya herufi na tarakimu 44 kila mmoja. Tarehe ya kuzaliwa iliyomo humo hufuatwa na tarakimu ya uhakiki. Zidisha tarakimu za tarehe kwa 7, 3, 1, 7, 3, 1, jumlisha, kisha chukua tarakimu ya mwisho ya jumla. Aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1985 ameandikwa 850314: 56 + 15 + 0 + 21 + 3 + 4 = 99, kwa hiyo tarakimu inayofuata lazima iwe 9. Ikiwa ni 4, ama umeisoma vibaya ama kuna mtu ameichezea hati. Mfumo mzuri hufanya hesabu hii wenyewe, lakini mifumo nayo huzimika.

Hatua ya 5: Mtafute mmiliki manufaa hadi umkute binadamu

Mmiliki manufaa ni binadamu ambaye mwisho wa yote ndiye anayeimiliki au kuidhibiti kampuni. Nchi nyingi hutumia umiliki wa asilimia 25 kama kipimo. Sheria yako inaweza kuwa na kiwango cha chini zaidi. Kosa la kawaida ni kusoma orodha ya wanahisa mstari kwa mstari na kumwacha kila aliye chini ya kiwango.

Tuseme mteja wako ni kampuni yenye wanahisa hawa: kampuni nyingine, tuiite B, asilimia 40, mwanamke mmoja asilimia 20, watu wanne asilimia 10 kila mmoja. Mwanamke yuko chini ya 25, unampita. Sasa fungua kampuni B: nusu ya hisa zake ni za mwanamke yuleyule. Nusu ya 40 ni 20, ongeza 20 zake za moja kwa moja, anafika 40. Ndiye mmiliki mkubwa kuliko wote, na fomu ilimwacha nje.

Utaratibu uagize mchoro wa umiliki kwa kila kampuni, hata wa kalamu kwenye karatasi, na hesabu yake iandikwe chini. Hisa zisipotoa jibu, uliza nani anateua wakurugenzi na nani anatia saini benki. Huko nako ukikosa mtu, andika jina la kiongozi mkuu wa kampuni na ueleze ulivyotafuta.

Hatua ya 6: Orodha za vikwazo, na tahadhari hewa

Hapa ndipo saa nyingi za kazi zinapoishia. Vikwazo vya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kama vile vilivyoanzia azimio 1267 la mwaka 1999, havina ngazi ya hatari. Aliyemo kwenye orodha fedha zake zinazuiwa bila kuchelewa. Pekua majina kabla akaunti haijafunguliwa, kisha pekua wateja wote tena kila orodha inapobadilika. Ukishughulika na dola, kumbuka kanuni ya OFAC, ofisi ya Marekani inayosimamia vikwazo: kampuni inayomilikiwa asilimia 50 au zaidi, kwa jumla, na watu waliozuiwa nayo imezuiwa, hata kama jina lake halimo popote. Mchoro wa hatua ya 5 utakufaa hapa.

Shida ni majina. Mohamed, Muhammad na Mohammed ni jina moja kwa masikio na matatu kwa kompyuta. Ukiulegeza mfumo unakuletea tahadhari hewa mia, yaani za watu waliofanana majina tu na walioorodheshwa. Ukiukaza, anayetafutwa anapita. Lolote utakalochagua, andika sababu ya kiwango hicho na tarehe ulipokijaribu kwa majina unayojua yamo kwenye orodha.

Kisha fundisha watu kuandika maelezo ya kufunga tahadhari. Haya niliyakuta kwenye faili moja: "Si yeye." Maneno mawili, na jina la aliyeandika halipo. Ninayoyataka ni kama haya:

"Jina la kwanza na la mwisho yanafanana. Aliyeorodheshwa alizaliwa 1961. Mteja alizaliwa 1994 kwa mujibu wa pasipoti iliyothibitishwa. Uraia tofauti. Jina la kati la mteja halimo kwenye majina mengine ya aliyeorodheshwa. Imefungwa kwa tofauti mbili: mwaka wa kuzaliwa na uraia."

Kanuni yangu ni tofauti mbili zilizothibitishwa, na jina halihesabiwi. Ikipatikana moja tu, mkaguzi hafungi, anapandisha juu.

Hatua ya 7: Nani anapandisha, nani anakata shauri

Andika majina ya vyeo na muda: tahadhari ya vikwazo ndani ya saa kadhaa, mteja wa hatari kubwa ndani ya siku kadhaa za kazi. Aliyemleta mteja asiwe na uwezo wa kumpitisha. Hili halihusu uaminifu wake. Mtu anayelipwa kwa kila akaunti huona pasipoti ni safi kila mara.

Mteja akikataliwa faili lisitupwe. Linaandikwa, na mnajiuliza kama kuna shuku ya kuripoti kwenye kitengo cha taifa kinachopokea taarifa za miamala shuku. Na mteja asidokezwe. Pendekezo la 21 linakataza kumfichulia kwamba ameripotiwa, kwa hiyo wape watu wa kaunta sentensi ya kusema, wasitunge papo hapo: "Ombi lako bado linashughulikiwa, tutakujulisha." Maswali ya ziada yakionekana yatamshtua mteja, FATF inaruhusu kuyaacha na kupeleka taarifa moja kwa moja.

Hatua ya 8: Marudio na kumbukumbu

Hatari kubwa kila mwaka, kati kila miaka miwili, ndogo kila mitatu hadi mitano. Huo ni mpangilio wangu, upime na wako. Muhimu kuliko kalenda ni matukio: umiliki umebadilika, mteja ameteuliwa serikalini, miamala imeruka mara kumi. Kumbukumbu zitunzwe angalau miaka mitano baada ya uhusiano kuisha, na sheria yako ikidai zaidi, fuata sheria.

Hatua ya 9: Rudisha faili mezani

Utaratibu ukishakamilika rasimu, rudia jaribio la mwanzo kwa mafaili kumi: matano rahisi, matatu yenye utata, mawili uliyoyatunga mwenyewe ukaficha kasoro ndani. Wape watu ambao hawakuandika rasimu. Majibu yakitofautiana usimwite aliyekosea. Muulize alisoma sentensi gani, ukaisahihishe sentensi hiyo. Kwenye rasimu yangu ya mwisho neno lililotupa majibu manne tofauti lilikuwa "mara kwa mara". Tukaandika "zaidi ya mara tatu ndani ya siku 30", na majibu yakawa mamoja.

Andika namba ya toleo na tarehe ya kuanza kutumika. Kisha orodhesha wateja wa zamani ambao sentensi mpya ingewapa ngazi tofauti, na uanze kuyafungua upya mafaili yao kwa yale ya hatari kubwa.