Kabla mvua za Novemba hazijakukuta

Huku Mbeya mvua zinaanza Novemba na kuachia Aprili au Mei. Ukisoma hii Oktoba, bado una nafasi. Ukisoma Desemba, tafuta ngazi sasa hivi.

Fagia gata. Gongea misumari ya bati iliyoachia. Kata matawi yaliyolalia paa. Vyeti na hati ya kiwanja vitie kwenye mfuko wa plastiki uviweke juu ya kabati, siyo uvunguni. Maji ya mvua ya kwanza usiyakinge kwenye tanki, yanateremka na vumbi na kinyesi cha ndege.

Halafu acha kusema "mvua" kana kwamba ni kitu kimoja. Manyunyu, yenye matone yasiyofika nusu milimita, hayajazi ndoo, ila yakishinda siku tatu yanapenya ukuta usiopigwa lipu na kuleta ugonjwa wa ukungu kwenye viazi shambani. Mvua ya radi inakuja alasiri, inapiga nusu saa, inajaza mitaro. Piga hesabu mwenyewe: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 120 likipata milimita 40 linashusha lita 4,800. Bomba lako moja la inchi mbili litaweza?

Sasa mvua ya mawe. Tulijenga nyumba ya paa la kuficha, lile linalozungukwa na ukuta hadi bati halionekani. Kwenye picha, nzuri kweli. Gata ikakaa ndani, nyuma ya ukuta, na mabomba mawili. Nikamuuliza fundi, maji yakizidi je? "Dada, hapa hata mto unapita." Misimu miwili huo mto ulipita.

Wa tatu, Januari, saa tisa alasiri, mawe yakaanza kama punje za mahindi, yakawa kama njugu mawe. Ndani ya wingu la radi upepo unayarusha juu kwenye baridi, yanazidi kuvaa barafu mpaka yanaushinda upepo kwa uzito, yanaanguka. Bati likahimili, nikasema tumepona. Kumbe mawe hayatiririki. Yaliporomokea kwenye gata yakashikana, yakaziba midomo ya mabomba, na maji yaliyofuata yakapanda hadi yakavuka ukingo wa ndani. Juu ya kitanda cha watoto likatokea doa la rangi ya chai, likawa sahani, likawa sinia, dari ya jipsamu ikatuna. Nilimvuta mwanangu kwa mguu, akiwa bado usingizini, na dari ikashuka. Saa mbili usiku baba yao alipopanda na tochi, barafu bado imo. Akawa anaichota kwa sufuria.

Kwa hiyo ukijenga paa hilo, dai matundu ya dharura yanayotoboa ukuta wa nje, chini kidogo ya ukingo wa ndani wa gata, ili maji yakizidi yamwagike nje. Sisi tulitoboa matatu baadaye, tukachomeka vipande vya bomba la inchi tatu. Yameharibu sura ya nyumba, na yaharibu tu. Dari ikianza kutuna, zima umeme kwenye swichi kuu, toa watu, kisha itoboe pembeni kwa bisibisi uweke ndoo. Usipande juu radi ikipiga.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ina ngazi tatu za onyo, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Usisubiri ya tatu. Gari usiliegeshe chini ya mparachichi. Mtaro wa jirani nao ukague, maana ukiziba maji yanakuja kwako. Na watoto wasitoke kuokota mawe kabla radi haijanyamaza, hata wakilia.