Kabureta ya CG125 ya zamani: soma hapa kwanza ndio uniulize

Swali ni lile lile kila siku, "pikipiki inazima nikiachia akseleta, ninunue kabureta mpya?" Hapana jamani. Hizi Honda zilianza kutoka 1976 na kabureta yake ya kiwandani ikisafishwa vizuri mimi naiamini kuliko ile mpya ya bei rahisi utakayouziwa Kisekka, soko la vipuri la Kampala. Fuata mpangilio, usiruke.

1. Funga tepu ya petroli, kaa mbali na moto na sigara.

2. Toa plagi uitazame. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi, nyeupe ni hewa nyingi. Kahawia? Basi mchanganyiko uko sawa, angalia umeme.

3. Kama inazima baada ya mwendo, legeza kifuniko cha tenki. Ikipona, katundu ka hewa ka kifuniko kameziba, umemaliza.

4. Safisha eafilta.

5. Slo (mngurumo wa injini ukiwa umeachia akseleta) inapanda yenyewe? Injini ikiwa inaunguruma puliza maji ya sabuni pale kabureta inapofungwa na injini. Sauti ikibadilika, hewa inaingia hapo. Usipulize petroli, utajichoma.

6. Jeti, yaani vile vipande vyenye tundu dogo vinavyopima petroli. Hapa ndipo kabureta nyingi zinauawa. USITUMIE WAYA! Jeti ni ya shaba laini, na tundu la pailoti jeti (jeti ndogo, ya slo) ni jembamba sana, ukichokonoa na waya wa klachi linapanuka na hakuna skrubu itakayolirudisha. Loweka jeti kwenye dawa ya kabureta usiku kucha, puliza na kompresa, halafu iinue kwenye mwanga utazame ndani. Unatakiwa uone duara kamili, ukiona kama mwezi mchanga bado kuna uchafu, loweka tena. Toa floti (boya la ndani ya kabureta) na mipira yote kabla ya dawa na kompresa, na vaa miwani. Skrubu ya hewa nayo, kabla hujaitoa ifunge polepole ukihesabu mizunguko mpaka iguse tu, andika hesabu. Ukiikaza ncha yake inaharibika.

7. Tikisa floti karibu na sikio. Ikilia petroli ndani, imetoboka.

8. Rudisha, injini ipate moto kwanza, ndio urekebishe slo.

Swali: Yangu inavuja petroli chini, nifanye nini?

Jibu: Namba 7 umesoma? Floti ikiwa nzima angalia sindano yake inayofunga petroli, ncha ikiwa na alama ya pete imelika, badilisha.

Swali: Mimi natumia waya na sijaona shida

Jibu: Tazama plagi yako halafu urudi hapa.

Swali: Mzee, skrubu ya hewa nikifunga naongeza petroli au napunguza? Kila fundi ana lake.

Jibu: Wote wanaweza kuwa sawa, inategemea iko wapi. Ikiwa upande wa eafilta inazuia hewa, kwa hiyo ukifunga petroli inazidi. Ikiwa upande wa injini mara nyingi inazuia petroli, ukifunga inapungua.

Swali: Niko Kapchorwa, huku juu inakuwa nzito na moshi mweusi, nikishuka Mbale inatulia. Kwa nini?

Jibu: Umeangalia vizuri ndugu yangu. Huko juu hewa ni nyepesi lakini jeti ni ile ile, basi petroli inazidi hewa. Ukiwa unakaa huko huko weka meni jeti (ile jeti kubwa) iliyo ndogo kwa namba moja. Ila ukishuka nayo injini itakosa petroli na kupata joto kali, hata pistoni inaungua, kwa hiyo kama unashuka kila siku acha ya kiwandani. Na angalia uzito unakuja wapi: akseleta robo ya kwanza ni pailoti, katikati ni sindano ya slaidi (kipande kinachopanda ukivuta akseleta), mwisho ndio meni.

Swali: Skrubu za bakuli la petroli chini ya kabureta zimekula kichwa, bisibisi inateleza

Jibu: Skrubu za Japani zina msalaba wake, bisibisi ya kawaida haikai mpaka chini. Tafuta bisibisi ya JIS (kipimo cha Kijapani), igonge kidogo na nyundo ndio uzungushe. Zikitoka weka za elenki. Na pikipiki ikilala muda mrefu mwaga petroli ya bakuli, ikikauka inaacha gundi na ndiyo hiyo inaziba pailoti.