Kumkanda mbwa aliyelegea miguu ya nyuma baada ya kuugua

Wiki iliyopita nilikuwa namsaidia jirani na mbwa wake aliyeponea chupuchupu kwenye distempa (ugonjwa wa virusi wa mbwa), uhai upo, anakula vizuri, ila miguu ya nyuma anaiburuta kwa sababu ule ugonjwa huwa unashambulia mishipa ya fahamu. Nimeona niandike maana kila anayenifuata anataka dawa ya kupaka, na mimi naamini mikono kuliko chupa yoyote.

1. Daktari wa mifugo aruhusu kwanza, na dawa zake ziendelee. Haya ni ya kusindikiza dawa tu.

2. Pima joto. Mbwa mwenye afya ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2 za Selsiasi, ikizidi hapo siku hiyo usimkande.

3. Tandika kitu kisichoteleza. Sakafu ya vigae ni adui mkubwa.

4. Kitaulo cha maji ya uvuguvugu kwenye paja, dakika 10. Kijaribu kwanza ndani ya mkono wako. Chupa ya maji ya moto siitaki kabisa, mbwa aliyepoteza hisia hautoi mguu, anaungua huku amekutazama tu.

5. Kunyoosha viungo. Hapa ndipo nilipopotezea siku nyingi na mbwa wangu mwenyewe, nilikuwa namshika unyayo navuta, mguu unakakamaa, nikivuta zaidi ananguruma, nikadhani mguu umeshakufa kumbe nilikuwa namuumiza. Usivute unyayo. Mlaze ubavu, mkono mmoja juu ya kiungo, mwingine chini yake, halafu kunja kiungo hicho kimoja taratibu mpaka uhisi kinagoma kidogo, simama hapo, rudisha. Mara 10, ndio uhamie kingine: vidole, kifundo, goti, nyonga. Mara 3 kwa siku inatosha. Akishusha pumzi ndefu na kichwa kikalala chini, uko sawa, akilambalamba midomo au akigeuza kichwa haraka kuangalia mkono wako, punguza. Kama mguu umekakamaa kama kijiti usipambane nao, kanda nyama ya paja kwa kiganja, kuelekea juu, ukilegea ndio uendelee. Usibonyeze mfupa wa mgongo wala sehemu iliyovimba, na usifanye akiwa ametoka kula.

6. Mgeuze ubavu kila baada ya saa 4 hata usiku, na akijikojolea mfute akauke. Vidonda vya kulala vinaanza haraka kwenye nyonga na kupona kwake ni shida.

7. Mitishamba. Kitunguu saumu hapana, kinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Mafuta ya mikaratusi hapana, atayalamba. Tiba ya vijisindano ya Kichina (akupancha) nimeona ikiwatuliza mbwa wengine, ila ichomwe na daktari wa mifugo aliyeisomea, sio fundi anayewachoma binadamu.

8. Kila asubuhi mfinye kidole cha mguu wa nyuma. Hapa watu wengi wanafurahi mapema, mguu ukivutwa haimaanishi amehisi, uti wa mgongo unaweza kuuvuta wenyewe. Angalia kichwa. Akigeuka kukutazama au akalia, hapo amehisi kweli, mpigie daktari siku hiyohiyo muongee habari ya kuanza kumsimamisha.