Ngitili Yako Italisha Ng'ombe Wangapi? Pima Nyasi Kabla ya Kufungua

Kila ikifika Juni au Julai, swali kwenye vijiji vya Shinyanga na Simiyu ni lile lile: tufungue ngitili lini, na tuingize ng'ombe wangapi? Wengi hulijibu kwa kusimama ukingoni na kutazama. Nyasi zikifika magotini, wanasema zitatosha mpaka mvua za Novemba. Lakini jicho huona urefu tu. Halioni uzito, wala halioni vipara vilivyojificha katikati ya mashina. Hivi karibuni nimemsaidia mzee mmoja wa Kishapu kupima ngitili ya familia yake, eka 20, na hesabu zake ndizo nitakazotumia humu, nikiwa nimezisawazisha kidogo ili ziwe rahisi kufuata.

Kwa asiye wa huku: ngitili ni eneo ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, mifugo isiguse, ili nyasi zikue, zichanue na kubaki zimesimama kama akiba ya kiangazi. Utaratibu huu ulikuwa umedhoofika sana. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kuisha 2004, uliurudisha kwa kushirikiana na wanavijiji, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kwenye hali ya ngitili. Kurudisha ni jambo moja. Kuilisha bila kuiua ni jambo jingine, na hilo hufanyika kila mwaka, ngitili moja moja.

Vifaa

Fremu ya mraba, mita 1 kwa mita 1. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee kwa nondo ya milimita 6, upande mmoja uachwe wazi ili uweze kuisukuma kwenye mashina ya nyasi ndefu bila kuzilaza. Usitumie kamba na vigingi. Kamba huvutika, na mraba wa asubuhi hauwi mraba wa mchana.

Mundu wenye makali. Mizani ya dijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Ile ya kuning'iniza ya kupimia pamba au nyama haifai hata kidogo kwa uzito mdogo hivi. Bahasha kubwa za kaki. Daftari na penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka bahasha ikipata unyevu.

Hatua ya 1: Jua eneo

Kama hulijui, zunguka mpaka ukiwa na programu ya GPS kwenye simu. Toa sehemu zisizolika: mwamba, kichaka kilichofungana, njia ya kuzuia moto.

Hatua ya 2: Gawa ngitili kwa aina ya udongo

Ngitili nyingi za huku zina angalau sehemu mbili: mbuga yenye udongo mweusi wa mfinyanzi chini, na luseni, ule udongo wa kichanga, juu. Nyasi zake hazifanani hata kidogo. Pima kila sehemu peke yake, na kila sehemu iwe na eka zake kwenye daftari. Ukichanganya, mbuga itaificha luseni, na luseni ndiyo inayoharibika kwanza.

Ya mzee huyu ilikuwa karibu yote ni ya aina moja, kwa hiyo mfano wangu utakuwa na sehemu moja.

Hatua ya 3: Tupa fremu, na usiisogeze

Anza kona moja, elekea kona ya pili kwa mstari ulionyooka. Kila baada ya hatua 30, weka fremu pale ncha ya kiatu chako ilipokomea. Fremu 20 kwa kila sehemu zinatosha kwa ngitili ya familia. Ya kijiji iongezewe.

Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Fremu ikiangukia kipara, mkono unataka kuisogeza nusu mita ifike kwenye nyasi. Ikiangukia kichuguu, vivyo hivyo. Iache. Kipara ni sehemu ya ngitili yako, na ng'ombe watakuta kipara hicho hicho. Andika sifuri na uendelee. Sifuri nne katika fremu 20 ni habari kubwa: sehemu moja ya tano ya ardhi yako haioti kitu.

Fremu ikiangukia chini ya mgunga, pia iache. Mara nyingi nyasi za pale huwa laini na hukawia kukauka, kwa sababu ya kivuli na majani yanayooza chini ya mti.

Hatua ya 4: Kata

Kata kila nyasi iliyoota ndani ya fremu, kimo cha vidole viwili kutoka ardhini. Nyasi ikiwa na shina ndani ya fremu na majani yamelalia nje, ni yako. Shina likiwa nje, si yako. Toa mabua ya kijivu ya mwaka jana, majani ya miti, na magugu ambayo ng'ombe hawayagusi. Usichukue udongo, punje chache za mfinyanzi zina uzito kuliko konzi ya majani makavu.

Wakati unakata, angalia mashina. Lishike shina moja ulivute taratibu. Likikupinga, na chini yake pana kitako kigumu chenye vichipukizi, ni nyasi ya kudumu. Liking'oka lote na vimizizi vichache, ni nyasi ya msimu mmoja. Iandike pembeni. Ngitili inayojaa nyasi za msimu mmoja inaweza kuonekana nzuri mwezi wa Aprili, kisha Septemba zikawa zimepeperuka.

Kila fremu na bahasha yake, namba imeandikwa nje.

Hatua ya 5: Kausha. Soma hapa polepole

Hii ndiyo hatua inayoharibu vipimo vya watu wengi, wakiwemo wataalamu wanaopita kijijini kwa siku moja. Wanapima nyasi mbichi palepale, wanazidisha, wanaondoka. Nyasi mbichi ni maji. Zikiwa kijani kabisa, robo tatu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Mwezi Juni, nyasi zikiwa nusu zimekauka, uzito wa bahasha mbili zilizokatwa hatua 30 zikitengana unaweza kulingana, huku chakula kilichomo kikiwa tofauti kabisa. Mahitaji ya ng'ombe huhesabiwa kwa nyasi kavu. Ukitumia uzito wa mbichi umejizawadia chakula ambacho hakipo.

Maabara hutumia oveni ya nyuzi joto 60 hadi 70 kwa saa 48. Kijijini tuna jua, na jua la Juni na Julai la Shinyanga linafaa, kwa masharti haya:

Usiweke nyasi kwenye mfuko wa plastiki, hata kwa safari ya kurudi nyumbani. Zinatoa jasho, zinapata joto, zinaanza kuoza, na uzito unaopotea hapo si maji tu. Bahasha ya kaki hupumua. Kiroba cha sandarusi ni afadhali kidogo kuliko plastiki, lakini majani madogo hunasa kwenye nyuzi zake na hutayapata tena.

Tandaza bahasha zikiwa wazi juu ya bati, pembeni weka mawe. Mbuzi na kuku wakae mbali. Upepo wa saa sita mchana ndio adui mkubwa: nyasi zikishakauka huwa nyepesi, na bahasha moja ikipinduka umepoteza fremu nzima. Mimi hufunga mdomo wa bahasha kwa kibanio cha nguo na kuzitoboa pembeni kwa msumari kuanzia siku ya pili.

Jioni ziingize ndani. Usiziache nje usiku hata kama hakuna dalili ya mvua. Nyasi kavu hunyonya unyevu wa usiku, na asubuhi bahasha ile ile huwa nzito kuliko ilivyokuwa jioni. Kwa sababu hiyo pima kila siku saa ile ile. Mimi napendelea saa tisa alasiri, hewa ikiwa imekauka kabisa.

Usikaushe juu ya jiko la mkaa ili uwahi. Ncha za majani zinaungua kabla mashina hayajakauka, na unachopima ni mabaki.

Endelea mpaka bahasha isomeke gramu zile zile siku mbili mfululizo. Kwa kawaida ni siku tatu hadi tano. Bua la nyasi likipindwa livunjike kwa mlio mkavu, lisikunjike. Mashina mazito ya mbugani hukawia. Yapasue kwa kisu. Toa uzito wa bahasha tupu, na usikadirie, pima bahasha tupu yenyewe.

Kuna jambo moja zaidi. Nyasi iliyokauka juani bado ina unyevu wa karibu asilimia 10 ambao jua haliutoi. Punguza sehemu moja ya kumi kwenye matokeo. Kwa ngitili ya mzee: wastani wa fremu 20, sifuri zikiwemo, ulikuwa gramu 260 mbichi. Baada ya jua, gramu 155. Baada ya kupunguza sehemu ya kumi, karibu gramu 140. Angeishia kwenye kipimo cha kwanza, angehesabu karibu mara mbili ya nyasi alizonazo.

Hatua ya 6: Kutoka gramu hadi kilo kwa eka

Eka moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo zidisha gramu kwa 4 upate kilo kwa eka. 140 mara 4 ni kilo 560. Mara eka 20 ni kilo 11,200.

Hatua ya 7: Hizo si zote za ng'ombe

Mzee alipoona 11,200 alichukua kalamu mwenyewe. Ng'ombe wetu wa kienyeji aliyekomaa, wa kilo 250, hula nyasi kavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6.25. Akagawa: 11,200 kwa 6.25 ni karibu milo 1,792 ya siku. Ana ng'ombe 20. Siku 89. Akasema, "Mwanangu, mbona miezi mitatu imetimia?"

Haijatimia. Nusu ya nyasi hizo lazima ibaki imesimama. Nyasi za kudumu huweka akiba yake kwenye vitako na mizizi, na chipukizi la kwanza la Novemba hulishwa na akiba hiyo kabla majani mapya hayajaanza kujitegemea. Ukila mpaka kitako, mwaka unaofuata shina linarudi dhaifu, au halirudi. Mabua yanayobaki pia huvunja kasi ya tone la mvua. Ardhi isiyo na kitu hupigwa na mvua ya kwanza, hutengeneza utando mgumu juu, na maji yote hutelemkia kwenye korongo.

Nusu ya pili nayo hailiwi yote. Sehemu inakanyagwa, sehemu inachafuliwa kwa mavi na mkojo, na mchwa huchukua fungu kubwa kiangazi kizima. Kwa hiyo natumia asilimia 35 kwa ngitili yenye afya, na 25 kwa iliyochoka, yenye vipara vingi au mteremko. Wapo wanaotumia 50. Kwa ukame wetu siwezi kumshauri mtu afanye hivyo.

Asilimia 35 ya 11,200 ni kilo 3,920. Gawa kwa 6.25: milo 627. Kwa ng'ombe 20 ni siku 31. Au, kama anataka ngitili ifike miezi mitatu, ng'ombe 7. Tofauti ya siku 89 na siku 31 ndiyo inayoamua nani atauza ng'ombe Julai wakiwa na nyama na nani atauza Oktoba wakiwa mifupa.

Hatua ya 8: Hesabu mifugo yote

Kipimo ni ng'ombe mmoja aliyekomaa. Mtamba au ndama aliyeachishwa, nusu. Maksai mkubwa wa jembe, moja na nusu. Kondoo kumi, moja. Punda, nusu. Mbuzi ni wagumu kuhesabu kwa sababu sehemu kubwa ya chakula chao ni majani ya vichaka na maganda ya migunga, ambavyo fremu haikupima. Mimi huwahesabu nusu ya kondoo.

Hesabu pia ng'ombe wa ndugu uliowapokea na wale watakaoletwa nyasi zikiisha kwao.

Hatua ya 9: Nani aingie kwanza

Kwa ng'ombe 7 au siku 31, mzee alichagua kuwaweka wanaonyonyesha, maksai watakaolima Novemba, na ndama. Wengine wakatafutiwa mabua ya mtama na mahindi mashambani, na wanne wakapelekwa mnadani. Nakubaliana naye kabisa.

Ligawe eneo mafungu matatu na ulishe moja baada ya jingine. Sipendi uzio wa waya kwa kazi hii. Mchungaji anayejua mipaka hugharimu kidogo na huona mambo ambayo waya hauoni. Fungu lililo karibu na lambo liache la mwisho, maana Oktoba ng'ombe hawana nguvu ya kutembea.

Kwa ngitili ya kijiji, peleka hesabu kwenye dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma, ikiwa milo ya siku, kisha mkutano ugawe milo hiyo kwa kaya. Ukipeleka kilo, mjadala utaishia kwenye kilo.

Hatua ya 10: Lini kutoa

Toa ng'ombe fungu linapobaki kimo cha kiganja, hata kama siku ulizohesabu hazijaisha. Na watoke wote kabla ya mvua ya kwanza. Watu husubiri mvua ishuke ndipo wafunge, na wiki hizo za chipukizi ndizo nyasi zinapoumia kuliko muda wowote wa kiangazi.

Andika kwenye daftari lile lile: mvua ya msimu kama una kipimo, gramu kwa fremu, idadi ya sifuri, milo uliyokadiria na milo iliyoliwa kweli. Baada ya misimu kadhaa utaweza kukadiria tangu Mei, wakati bei mnadani bado ni nzuri, na mizani utaitumia kuhakikisha tu.